Nyuzi Tisa Mahurunga

Jumanne, 1 Julai 2025

Mdomo wangu utaniponza siku moja. Safari hii ni mkono. Leo kikaoni Bi Sabra kauliza nani anaweza kuifungua ile programu ya Fredi akaitengeneza, na mkono wangu ukanyanyuka wenyewe. Mimi! Vania wa kuingiza takwimu! Sijawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu tangu nizaliwe. Zuberi, anayezungukia vijiji na pikipiki ya mradi, kanigeukia mzima mzima na kiti chake.

Lakini ningefanyaje? Bi Sabra ndiye mkuu wa ofisi na amesema wazi: vijiji vya mtoni vinachelewesha kazi. Fredi, mtaalamu wetu wa kompyuta, alipohamia Dodoma aliacha programu moja kwa kila kijiji, namba zote zimeandikwa humo humo ndani, na vijiji vya mtoni hakuvifikia. Hivyo vya mtoni tunavikokotoa kwa mkono, na ujumbe wa simu wa kuwaambia wakulima wapulize dawa ya salfa unafika wakati ubwiri unga, ule ukungu mweupe, umeshakula maua ya mikorosho. Kama mwezi huu hakuna programu moja ya vijiji vyote, vya mtoni vinatoka kwenye mradi. Wakasikilize redio.

Vya mtoni maana yake Mahurunga. Mahurunga maana yake Mama na mikorosho yake. Na Mjomba Cesar, kaka yake Mama, aliyepita nyumba kwa nyumba kuwabembeleza watu wachange wanunue salfa pamoja, waifungie ghalani, wangoje ujumbe wetu, halafu wapulize wote siku moja. Lazima wote siku moja, shamba moja likibaki ugonjwa unarudi kwa jirani. Huu ndio mwaka wa kwanza wamekubali. Wamemkubalia yeye, na yeye amekubali kwa sababu mimi nipo huku.

Programu imeandikwa kwa lugha ya Perl. Nimeifungua. Nimeifunga.

Jumatano, 2 Julai

Fredi kajibu WhatsApp. Mpole, ila maneno yake ya kuhesabu. "Usiogope alama, soma maneno." Sawa bwana. Alama zenyewe ni $ na @ na mabano ya kila aina, kama mtu aliyekalia kibodi.

Nilichoambulia mpaka sasa: ile hesabu ya kuamua kama watu wapulize au wasubiri nitaiweka mahali pake peke yake na kuipa jina. Hiyo ndiyo sub. Unaiandika mara moja, unaiita utakapoihitaji, haidai posho. Na zile namba za kijiji hazikai ndani ya programu tena. Naziandika kwenye skrini nyeusi, pembeni ya jina la programu, wakati wa kuiendesha. Fredi anaziita agyumenti.

Nimemwuliza kwa nini yeye hakufanya hivyo tangu mwanzo. Kasoma, hajajibu. Tiki mbili za buluu!

Alhamisi, 3 Julai

Nimeandika sub yangu ya kwanza. Inaitwa amua. Inapewa vitu viwili — joto la alfajiri, na idadi ya maua yaliyougua katika ishirini yaliyokaguliwa — halafu inasema PULIZENI au SUBIRINI. Mabano yamefungwa. Nukta mkato zipo. Nikaiendesha.

Kimya.

Nikaiendesha tena. Kimya! Hata kosa haioneshi. Nimezima kompyuta nimewasha. Nimekunywa maji. Mwishowe nikamtumia Fredi picha ya skrini, kajibu neno moja: "Umeiita?"

Sikuiita! Kumbe sub ukiiandika inakaa tu, kama mtu aliyealikwa asiyeambiwa karibu ndani. Nikaongeza mstari mmoja chini, amua(19, 3), na ikajibu SUBIRINI. Nilipiga kelele mpaka Bi Sabra akatoka chumbani kwake. Nikamwambia nimeona mende.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Watu wanakula sikukuu, mimi nimejifungia chumbani kwangu mtaani Chikongola na laptopu ya ofisi. Mama mwenye nyumba kapita dirishani mara mbili kuona kama naumwa.

Leo ni zile agyumenti. Zote zinaingia kwenye foleni moja inayoitwa @ARGV, kwa mpangilio ule ule uliozitaja. Hazina majina. Programu inajua tu nani kasimama wa ngapi. Nikaandika Msimbati 19 3 na programu ikanijibu kwa ujasiri kabisa: kijiji cha 19, joto 3. Msimbati imepotea na maua hayapo!

Kosa: wa kwanza si $ARGV[1]. Wa kwanza ni $ARGV[0]. Wanaanzia sifuri! Nani anahesabu hivyo duniani? Nimerekebisha kwa hasira. Msimbati, joto 19, maua 3. Kila mtu kwake.

Umeme umekatika dakika ile ile. Nilikuwa nimehifadhi. Nimejifunza na hilo.

Jumatano, 9 Julai

Siku mbaya, mwisho mzuri.

Kuna neno linaitwa shift. Linamchukua aliye mbele kwenye foleni, waliobaki wanasogea. Zuri sana, fupi, hakuna kuhesabu kuanzia sifuri. Nikalitumia kote na likafanya kazi. Halafu, kwa usafi wangu, nikaihamisha mistari ile nikaiweka ndani ya sub — na kila kitu kikawa kitupu. Kijiji kitupu, joto tupu. Asubuhi nzima imeishia hapo. Zuberi kaniletea vitumbua, kasema uso wangu unatisha wageni.

Fredi kanitumia ujumbe wa sauti, anacheka kwanza ndipo anaongea. Kumbe shift ikiwa nje ya sub inachukua kwenye @ARGV. Ikiwa ndani, inachukua kwenye @_, foleni ya hiyo sub yenyewe, ya vile ulivyoipa ulipoiita. Mimi sikuipa kitu. Nilimwita mtu jikoni bila unga wala maji nikategemea ugali.

Sasa najua. Nje ya sub nazipokea zote tatu, halafu naipa amua zinazoihusu. Inapendeza! Sikutegemea kwamba kitu hiki kingeweza kupendeza.

Jambo jingine. Juu ya programu Fredi aliniambia niweke use warnings. Nimeweka, na tangu hapo skrini inanigombeza kwa Kiingereza, mistari mirefu mirefu, hata pale jibu likiwa sahihi. Leo nimeufuta. Skrini safi. Raha.

Ijumaa, 11 Julai

Vijiji vyote! Vya juu na vya mtoni, programu moja!

Wakaguzi wetu wa vijijini wanatuma taarifa kwa simu asubuhi: kijiji, joto, maua. Mimi naandika kama ilivyokuja — perl puliza.pl Msimbati 20 4 — nabonyeza, ujumbe unajitunga, modemu inautuma kwa wakulima wa hapo. Kazi iliyokuwa ikila siku mbili imekwisha kabla ya chai ya saa nne. Bi Sabra alisimama nyuma yangu muda mrefu. Mwishowe kasema, "Haya." Anayemjua Bi Sabra anajua hiyo ni sherehe.

Mjomba Cesar ndiye mkaguzi wa Mahurunga. Kapiga. "Mpwa wangu! Ujumbe umefika sijamaliza chai!" Nyuma yake Mama anapaza sauti nimsomee tena, kana kwamba simu ni yangu. SUBIRINI, Mama. Maua mawili tu. Mtasubiri.

Najisikia mrefu leo.

Jumapili, 13 Julai

Misa. Pilau kwa mama mwenye nyumba. Nimelala.

Alhamisi, 17 Julai

Bi Asia amefariki usiku wa jana. Jirani yetu wa Mahurunga, ukuta kwa ukuta. Mimi Mkristo, yeye Mwislamu, lakini Ramadhani nilikuwa nafuturu kwake kila jioni kabla sijajua hata kufunga ni nini. Ukili nimejifunzia mikononi mwake. Mama kapiga alfajiri, analia. Watazika leo baada ya Adhuhuri. Sitawahi.

Shamba hakuna anayekwenda. Kwetu maiti ikiwa ndani, jembe halitoki, na jirani wa karibu hatoki mpaka matanga yaanuliwe. Hata hivyo Mjomba katuma taarifa. Huyu mtu! Fupi, ila katuma. Nimeziandika zote kama zilivyokuja, nimebonyeza, nimekwenda chooni kulia.

Mahurunga imetoka SUBIRINI. Afadhali. Wazike kwa utulivu.

Jumatatu, 21 Julai

Sijui nianzie wapi.

Mjomba kapiga saa tatu asubuhi. Hakusalimia. Mjomba Cesar, ambaye salamu zake zinamaliza vocha! Kauliza, "Vania, hiyo programu yako inatazama shamba la nani?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema maua yamekuwa meupe kuanzia kwake mpaka kwa jirani yake Bi Hawa, mengine yameanza kukauka na kudondoka. Walikuwa wamepanga wapulize mara tu matanga yakianuliwa. Ujumbe wetu ukawaambia wasubiri. Wakasubiri.

Nikamwambia haiwezekani. Ndivyo nilivyomwambia! Mjomba wangu, mzima, nikamwambia haiwezekani.

Bi Sabra kaja, kaomba aone kilichoandikwa siku ile ya Alhamisi. Nikafungua. Akasoma kwa sauti: "Mahurunga, joto nyuzi tisa. Maua, hakuna." Akavua miwani. "Nyuzi tisa? Mahurunga? Vania, hiyo ni baridi ya Makete."

Nikafungua simu ya ofisi, taarifa ya Mjomba yenyewe. Mahurunga 9. Basi. Hakuna kingine.

Nikampigia. Kanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto. Kipimajoto kinaning'inia shambani kwenye mkorosho, na kinasomwa alfajiri. Alfajiri ile Bi Asia alikuwa bado hajaoshwa. Hakwenda. Maua alikuwa ameyahesabu jana yake jioni, tisa katika ishirini. Akatuma alichokuwa nacho. Nikamwuliza kwa nini hakuandika hata sifuri pale kwenye joto, au mstari. Akasema, "Sikupima. Niandike sifuri, nidanganye?"

Na mimi nikaandika kama ilivyokuja. Kijiji. Tisa. Joto halikuwepo kwenye foleni, basi maua yakasogea mbele yakasimama mahali pake. Tisa ikawa joto. Mahali pa maua pakabaki patupu, na Perl patupu hapo ikapahesabu sifuri. Hakuna ua hata moja linaloumwa Mahurunga! Kijiji salama! Subirini!

Bi Sabra kauliza kama programu haikutoa onyo lolote. Ikabidi niseme. Ile mistari ya Kiingereza iliyokuwa ikinigombeza — hicho hasa ndicho ingenigombezea. Niliifuta mimi. Kwa ajili ya skrini safi.

Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza.

Nina aibu mpaka masikio yanawaka.

Jumanne, 22 Julai

Nimekuja ofisini kabla ya mlinzi kuondoka.

use warnings imerudi juu, mstari wa pili. Igombeze itakavyo.

Halafu kabla programu haijagusa chochote, inahesabu kwanza foleni. @ARGV zisipokuwa tatu, inasimama. Neno la kuisimamisha ni die. Wiki ya msiba, na neno lenyewe ndilo hilo! Nimeliandika hivyo hivyo. Ila maneno inayosema ikisimama nimeyachagua mimi. Fredi alipendekeza "Kosa: agyumenti hazitoshi." Nimekataa. Mjomba ataelewa nini hapo? Yangu inasema: SIJUI. NIMEPEWA VITU VIWILI, NINAHITAJI VITATU. PIMENI JOTO. Kama kilichokosekana ni kingine, maneno yanabadilika: namba iliyo chini ya kumi na tano haiwezi kuwa joto la huku. Nimeyaandikia sub yake, nimeiita uliza.

Halafu nikaandika Mahurunga 9. Ikakataa. Nikaandika tena, kwa raha yake tu. Ikakataa.

Mjomba kapima leo: joto 20, maua 11. PULIZENI. Modemu imetuma saa mbili kamili.

Nimesubiri. Chai, hakuna kitu. Mchana, hakuna kitu. Jioni nikampigia Mama. Kasema ujumbe umefika kwa watu wote na hakuna aliyepuliza. Salfa iko ghalani na ufunguo anao Faraji, mweka hazina wa kikundi. Faraji kasema simu ile ile iliyowadanganya Alhamisi haiwezi kuwaamuru Jumanne. Salfa yenyewe ni ya mpulizo mmoja tu, wakiimwaga siku isiyo yake hawana nyingine. Wengine wanamwunga mkono. Na Mjomba? Mjomba, kasema Mama, amesimama mbele ya watu akasema kosa ni lake, hakupima joto.

Lake! Nimekata simu nimelia kwa hasira.

Nimekwenda kwa Bi Sabra nikamwambia kesho nampigia Faraji mwenyewe. Kaniangalia. "Mambo kama hayo hayasemwi kwa simu. Zuberi atakupeleka." Halafu akaongeza kwamba maua ya pili bado yanatoka huko mtoni, wakipuliza wiki hii yataokoka. Wakikaa mpaka wiki ijayo, hakuna la kuokoa. Alisema kama anayesoma hali ya hewa, ila kanipa na betri ya akiba ya laptopu, ile yake.

Jumatano, 23 Julai

Mahurunga. Naandika kwa Mama, mgongo unauma, pikipiki ya Zuberi haina siri na barabara.

Nilikwenda kwanza msibani kumpa pole mtoto wa Bi Asia. Mkeka wake wa ukili bado uko barazani. Nilikaa hapo kidogo. Halafu ghalani.

Watu walikuwa wamejaa. Mjomba kando, kofia mkononi, kama mshtakiwa. Ilinichoma. Nikasema kabla sijakaa: kosa si la Mjomba Cesar, ni langu. Yeye alituma ukweli aliokuwa nao. Mimi ndiye niliyeondoa kitu ambacho kingeuliza joto liko wapi. Mjomba kataka kunikatiza, Mama kamvuta shati.

Faraji alikaa juu ya gunia tupu karibu na mlango wa ghala. Mtu mrefu, mkimya, hana ubaya. Ana mikorosho mingi kuliko yeyote pale. Akasema, wala hakunisema vibaya: mwanangu, mtu kukosea ni kawaida, tumekusikia, tumekusamehe. Lakini salfa ni moja. Ilisema subirini tukasubiri. Leo inasema pulizeni. Kesho ikisema samahani, tutapuliza nini?

Nikafungua laptopu, nikachomeka modemu.

Bi Hawa, shamba lake linapakana na la Mjomba na sauti yake inafika Msumbiji, akasema basi tuone. Akatuma watu wakachume matawi ya maua, shamba hili na lile. Yakaja ishirini. Akayahesabu mwenyewe, kwa sauti, kila jeupe anaguna. Kumi na moja. Joto la alfajiri Mjomba alikuwa nalo, nyuzi ishirini. Nikaandika, nikabonyeza, na simu zikalia pale ghalani zote pamoja. PULIZENI. Watu wakaguna.

Faraji hakuguna. "Umeiambia kumi na moja, imesema pulizeni. Hata mimi ningesema."

Kweli! Kweli kabisa!

Ndipo Bi Hawa akasema, "Iandikie vile vya siku ya msiba. Vile vile." Watu wakasogea. Mtu kanikanyaga. Nikaandika Mahurunga, nikaandika 9, nikabonyeza. Ikasimama. Nikawasomea, kisha mjukuu wa Bi Hawa, binti wa sekondari, akasoma tena ili wasiseme nimebuni: SIJUI. NIMEPEWA VITU VIWILI, NINAHITAJI VITATU. PIMENI JOTO.

Bi Hawa akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe siku hizi inakiri! Wanaume wangapi hapa wanaweza hilo?" Vicheko. Hata Mjomba. Nilicheka mimi pia na machozi yakanitoka, sijui yalikuwa ya nini.

Lakini Faraji hakucheka. Aliinama akaitazama skrini karibu sana, midomo inatembea, anaisoma mwenyewe. Aliposimama akajipangusa suruali, akaaga vizuri, akaondoka. Ufunguo mfukoni. Mkutano ukaisha hivyo, hakuna ndiyo wala hapana.

Mjomba kanisindikiza. Nikamwomba radhi kwa lile "haiwezekani" la Jumatatu. Kasema alishasahau. Mwongo. Halafu akaniuliza kama programu inaweza kupewa hata vitu vinne, maana umande nao anautazama siku zote na hakuna aliyewahi kumwuliza. Nimemwambia inaweza. Kichwani nimeshaanza kuiandika!

Alhamisi, 24 Julai

Alfajiri. Hakuna upepo hata kidogo. Umande mzito. Ndiyo hali ya kupuliza hasa, na mashine zote za kupulizia zimekaa kimya.

Mjomba kaja kunywa chai, kaketi. Mama anachemsha mihogo na kuigombeza sufuria. Zuberi yuko nje anapangusa pikipiki, tunatakiwa kuondoka saa mbili. Nimefungua laptopu ili nisikae mikono mitupu. Betri ya Bi Sabra bado ina chaji.

Mtu anapiga hodi —

Ni Faraji. Na baiskeli. Miguu imelowa umande mpaka magotini, maana yake ametoka shambani. Mama kamkaribisha mihogo, kashukuru, hakukaa. Hakumwangalia Mjomba. Hakuniangalia mimi. Aliiangalia laptopu.

Kasema amehesabu kwake, mwenyewe, tangu kulipoanza kupambazuka. Kumi na mbili katika ishirini. "Andika."

Nikamwuliza joto.

"Sina kipimajoto."

Vidole vilikuwa tayari kwenye vitufe na sikuvisogeza. Ningeweza kumpa nyuzi ishirini za jana, nani angejua? Mjomba kikombe kimemsimamia hewani. Mama kaacha kuigombeza sufuria.

"Basi itasema haijui," Faraji akasema mwenyewe, taratibu.

"Itasema haijui, baba."

Akasimama pale mlangoni. Halafu akamgeukia Mjomba, mara ya kwanza tangu Jumatatu, akauliza kipimajoto chake kiko mkorosho upi.

Mjomba kaweka kikombe chini kimemwagika. Wametoka wote wawili. Kwanza walitembea. Sasa nawasikia wanakimbia, wazee wazima, kabla jua halijapanda likaharibu kipimo! Baiskeli wameiacha imeegemea ukuta wetu. Zuberi anauliza tunaondoka au hatuondoki. Nimemwambia azime pikipiki.

Nimeandika perl puliza.pl Mahurunga, nimeweka nafasi, nimesimama hapo. Kumi na mbili ninayo mkononi ila haiwezi kutangulia. Alama inayometameta pale pa kuandikia inasubiri. Mama anauliza mbona siandiki. Nasubiri joto, Mama. Nawasikia wanarudi, mmoja anapaza namba lakini bado wako mbali —